Lincoln hakupanda kwa kuanguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe jambo lililozoeleka mno. Ipo orodha fupi kuhusu Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, ambayo husomwa kwenye mahafali, hubandikwa kwenye kuta za madarasa na kutumwa kwenye simu. Inakwenda hivi: biashara ilimfia, akashindwa uchaguzi wa 1832, biashara ikamfia tena, mchumba akafariki, 1836 akarukwa na akili, akashindwa 1838, 1843, 1848, 1855, 1856 na 1858, kisha 1860 akawa rais. Anayeisikia huondoka akiamini kwamba ukianguka na kuinuka mara nyingi, iko siku utaamkia Ikulu.

Wanaoisambaza wanamheshimu Lincoln, nami namheshimu, na ndiyo maana inaniuma. Baadhi ya mistari hiyo si ya kweli, mingine ni nusu ya ukweli, na yote kwa pamoja inaficha kile ambacho kingemfaa zaidi kijana anayeisoma: alichokuwa akikifanya Lincoln kati ya anguko moja na jingine.

Tuanze na 1832. Alipotangaza nia ya kugombea ubunge wa jimbo la Illinois, Machi mwaka ule, Lincoln alikuwa na miaka 23 na hajatimiza hata mwaka tangu ahamie kijiji cha New Salem. Kampeni yenyewe aliikosa karibu yote kwa sababu alikuwa vitani dhidi ya Black Hawk, kiongozi wa Wahindi Wekundu. Alitoka wa 8 kati ya wagombea 13, na nafasi zilikuwa 4. Hapo orodha inaishia. Lakini tazama hesabu ya kituo cha New Salem peke yake: kati ya wapiga kura 300, watu 277 walimpa kura. Waliomjua walimchagua karibu wote, na waliobaki walikuwa hawajawahi hata kumwona. Tatizo lilikuwa umbali, na dawa ya umbali ni kuzunguka kaunti nzima ukiwa na kazi inayokufikisha kwenye kila mlango.

Kazi hiyo ilikuja kupitia deni. Duka aliloendesha na William Berry lilizama, Berry akafariki Januari 1835, na Lincoln akabaki na deni la takriban dola 1,100 ambalo mwenyewe aliliita deni la taifa. Wadaiwa wengi wa mpakani nyakati zile walitoroka usiku wakaelekea magharibi. Yeye alibaki. Sherifu alimkamatia farasi na vifaa vyake vya kazi, vikapigwa mnada, na rafiki yake James Short akavinunua na kumrudishia. Deni lenyewe alilipunguza kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka likaisha.

Vifaa hivyo vilikuwa vya upimaji wa ardhi. Mwaka 1833 John Calhoun, mpima ardhi wa kaunti ya Sangamon, alielemewa na kazi akahitaji msaidizi. Calhoun alikuwa mfuasi wa rais Andrew Jackson, Lincoln alikuwa upande wa mpinzani wake Henry Clay, na kabla ya kukubali Lincoln alitaka uhakika kwamba hatadaiwa kubadili siasa zake. Alipoupata, aliazima vitabu vya upimaji akajifungia navyo kwa wiki kadhaa. Kumbuka kwamba masomo yake yote ya darasani, ukiyajumlisha, hayakufika mwaka mmoja, na hesabu aliyokuwa amefikia ni ile ya uwiano tu.

Waandishi wengi wa wasifu wake huupita upimaji kwa sentensi moja. Mimi naona hapo ndipo akili yake ilipopata umbo. Mnyororo wa mpima ardhi ulikuwa na urefu wa futi 66, ukiwa na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja, kwa hiyo ukishapata eneo kwa minyororo unasogeza nukta tu unapata ekari. Wabeba mnyororo ni wawili: wa mbele huchomeka kijiti cha chuma kila mnyororo unaponyooka, wa nyuma hukusanya vijiti, na idadi ya vijiti alivyoshika ndiyo hesabu. Kijiti kimoja kikibaki kwenye majani, futi 66 zimepotea. Penye mteremko mnyororo lazima ushikiliwe mlalo, ama sivyo shamba la kilimani litaandikwa kubwa kuliko lilivyo. Pingili zikilika kwenye viungo mnyororo hurefuka, na umbali huandikwa mfupi kuliko ulivyo. Pingili ikipinda, kosa huja upande wa pili. Tena sindano ya dira hufuata kaskazini ya sumaku, ambayo husogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mpaka wa zamani hauwezi kufuatwa kwa kusoma digrii zilezile bila kurekebisha. Kazi hii haina nafasi ya maneno matamu. Ukikosea, majirani wawili wanapigana.

Na ugomvi wa namna hiyo aliujua tangu utotoni. Baba yake, Thomas, alihama Kentucky mwaka 1816, na Lincoln aliandika baadaye kwamba sababu moja ilikuwa utumwa, lakini iliyo kubwa zaidi ilikuwa matatizo ya hati za ardhi. Mipaka ya Kentucky ilitajwa kwa mti, jiwe na kijito, madai yakapandana, na wenye mashamba madogo wakaumia. Indiana walikohamia ilikuwa imepimwa na serikali kuu kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukiwa na sehemu 36 za ekari 640. Mtoto wa mtu aliyeumizwa na vipimo vibovu akawa ndiye anayeitwa kuamua mpaka uko wapi. Mwaka 1836 aliupima mji wa Petersburg. Mwaka 1859, akiwa wakili mkubwa, wapima ardhi wa Illinois walipomtaka maoni kuhusu kona za mashamba zilizopotea, aliwajibu kwa kurudi kwenye sheria ya Bunge ya Februari 1805: kona zilizowekwa na wapimaji wa serikali ndizo za kweli, hata kama vipimo vipya vinasema vingine.

Juu ya hayo, tangu Mei 1833 alikuwa mkuu wa posta wa New Salem, na magazeti yaliyopita mikononi mwake aliyasoma kabla wenyewe hawajaja kuyachukua. Mhariri wa gazeti atanielewa nikisema kwamba hiyo ilikuwa shule. Alipogombea tena 1834, kaunti ilikuwa inamjua. Alishika nafasi ya pili akachaguliwa, na akachaguliwa tena 1836, 1838 na 1840. Ushindi mara nne mfululizo, na orodha haiutaji hata mmoja.

Mstari wa 1836 unaosema alirukwa na akili ni wa kufutwa kabisa. Ann Rutledge, yule mchumba wa kwenye orodha, alifariki Agosti 1835, na majirani walishuhudia kwamba Lincoln aliumia sana. Lakini 1836 ndio mwaka aliorudi bungeni, na Septemba 9 mwaka huohuo akapata leseni ya uwakili. Kipindi chake kibaya zaidi kilikuwa Januari 1841, alipomwandikia mshirika wake wa uwakili John Todd Stuart kwamba yeye ndiye mtu mwenye dhiki kuliko wote walio hai. Huzuni ya namna ile ilimrudia maisha yake yote. Ni jambo zito, na halistahili kutupwa kwenye mwaka usio wake ili orodha inoge.

Sheria alijifunza kwa vitabu vya kuazima kutoka kwa Stuart. Mwalimu wake halisi wa uwakili, hata hivyo, alikuwa mshirika wake wa pili, Stephen Logan, aliyemzoeza kuandaa kesi ya mpinzani kabla ya kuandaa yake mwenyewe. Tabia hiyo haikumtoka tena. Mahakamani, wakili mwenzake Leonard Swett alisimulia, Lincoln angekubali hoja sita za upande wa pili bila kubishana, mpaka baraza la wazee wa mahakama likamwona mtu wa haki, kisha akasimama imara kwenye hoja ya saba, ambayo ndiyo iliyobeba kesi. Swett alionya kwamba aliyemdhania Lincoln kuwa mjinga alijikuta punde chali mtaroni. Wanaoiga mbinu hii hukosea mahali pamoja: hukubali hoja bila kujua ni ipi hasa inayobeba mzigo. Kuijua hiyo kunataka usiku kadhaa wa kusoma jalada.

Mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, alisafiri na mahakama ya mzunguko ya wilaya ya nane, kaunti hadi kaunti, akilala vitanda vya kushirikiana na mawakili wenzake, mbele ya jaji David Davis. Ada ya kawaida ilikuwa dola 5 mpaka 20. Kampuni ya reli ya Illinois Central iliposuasua kumlipa kwa kesi kubwa ya kodi, aliishtaki akapata dola 5,000. Kwa mawakili vijana aliandika shauri ambalo mimi nalipenda kuliko hotuba zake nyingi: wazuieni watu kushtakiana, wapatanisheni majirani kila mnapoweza, na msichukue ada yote kabla ya kazi, kwa maana ukishakula yote hamu ya kazi huisha.

Sitaki kumpaka mafuta. Mwaka 1841, katika kesi ya Bailey na Cromwell, aliishawishi mahakama kuu ya Illinois kwamba mwanamke Mweusi katika jimbo lile huhesabiwa kuwa huru na hawezi kuuzwa. Mwaka 1847 alisimama upande wa Robert Matson, mmiliki aliyetaka kurudishiwa familia ya watumwa. Alishindwa, na familia ile ikaachiwa huru. Kesi hiyo ni doa, nami sioni sababu ya kuificha.

Sasa mistari ya 1843 na 1848. Chama cha Whig katika eneo lile la uchaguzi kilikuwa na vijana watatu waliokitaka kiti kimoja cha Bunge la Washington: John Hardin, Edward Baker na Lincoln. Walielewana kupokezana. Hardin akaenda 1843, Baker akafuata, na 1846 zamu ya Lincoln ilipofika alishinda kwa kura nyingi. Mwaka 1848 hakugombea kwa sababu zamu yake ilikuwa imekwisha, basi. Orodha inaandika kupokezana kana kwamba ni kupigwa. Kilichofuata ndicho kilichokuwa pigo: 1849 aliomba kuwa kamishna wa ardhi wa serikali kuu akanyimwa, akapewa ugavana wa Oregon akaukataa, akarudi Springfield kwenye uwakili. Ni katika miaka hiyo alipozipitia jometri za Euklidi, vitabu sita, mpaka karibu kuzimudu, ili ajue maana ya kuthibitisha jambo. Mwaka 1849 pia alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, namba 6,469 kwa chombo cha kuinua mashua juu ya fungu la mchanga. Hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye hataza.

Nikiulizwa ni siku gani iliyomfanya Lincoln kuwa rais, nitasema Februari 8, 1855, siku ambayo orodha inaiandika kuwa ni ya kushindwa. Mwaka mmoja nyuma, sheria ya Kansas na Nebraska ilikuwa imefungua mlango wa utumwa kuingia maeneo uliokokatazwa tangu 1820, na Lincoln alikuwa amerudi ulingoni kwa hotuba ndefu ya Peoria, Oktoba 1854. Maseneta wa Marekani wakati ule walichaguliwa na mabunge ya majimbo, si na wananchi. Duru ya kwanza ikaja hivi: Lincoln kura 44, James Shields wa Democrat 41, Lyman Trumbull 5. Hizo 5 zilikuwa za wanademokrasia walioichukia sheria ya Nebraska lakini wasingeweza kumpigia Mwhig, liwe liwalo. Duru zikaendelea. Wanademokrasia wakamwacha Shields wakahamia kwa gavana Joel Matteson, aliyefikia 47, hatua chache tu kutoka kwenye ushindi. Lincoln alikuwa ameshuka hadi 15.

Marafiki zake walitaka kubaki naye. Yeye akawaambia waende kwa Trumbull, wote, mara moja. Trumbull akapata 51 akashinda. Mtu mwenye 44 alimpa kiti mtu mwenye 5, kwa sababu jambo lililokuwa mbele yao, kuzuia utumwa usienee, lilikuwa kubwa kuliko jina la atakayekaa kwenye kiti. Mkewe Mary hakuwahi kumsamehe Julia Trumbull, aliyekuwa rafiki yake tangu ujanani. Lincoln usiku uleule alimpongeza Trumbull.

Basi fuatilia wale watu watano walikokwenda. Mmoja wao, Norman Judd, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa chama kipya cha Republican katika Illinois, ndiye aliyeupigania mkutano mkuu wa 1860 wa kuteua mgombea urais ufanyike Chicago, na ndiye aliyelitaja jina la Lincoln mbele ya wajumbe. Mwingine, John Palmer, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Illinois waliomtafutia kura. Lincoln angeng'ang'ania kura zake 15 mwaka 1855, watu hao wangekuwa maadui zake miaka mitano baadaye.

Mstari wa 1856 haunisumbui sana. Mkutano wa Republican ulipokaa Philadelphia, wajumbe 110 walimpigia kura awe mgombea mwenza, naye hakuwepo wala hakuomba. Kura 110 bila kuomba si kushindwa.

Ya 1858 inahitaji maelezo. Midahalo saba na Stephen Douglas, seneta wa Democrat ambaye Lincoln alikitaka kiti chake, kuanzia Ottawa Agosti 21 hadi Alton Oktoba 15, ilikuwa na mpangilio mmoja: msemaji wa kwanza saa moja, mpinzani saa moja na nusu, kisha wa kwanza nusu saa ya kujibu. Wagombea wa Republican kwa jumla walipata kura nyingi kidogo za wananchi, lakini mgawanyo wa zamani wa maeneo, pamoja na maseneta wa jimbo ambao muda wao ulikuwa haujaisha, uliwapa wanademokrasia bunge la jimbo, na Douglas akachaguliwa kwa 54 dhidi ya 46. Pale Charleston, Septemba 18, Lincoln alitamka kwamba hapendelei usawa wa kisiasa na kijamii kati ya weupe na Weusi. Maneno yale ni yake, yamechapishwa, na anayemsifu Lincoln lazima ayabebe pamoja na mengine.

Baada ya kushindwa alifanya kazi ya karani: alikusanya magazeti yaliyonakili midahalo, hotuba za Douglas kutoka gazeti linalompenda Douglas na zake kutoka gazeti linalompenda yeye, akakata na kubandika kurasa moja baada ya nyingine bila kuongeza maoni. Mkusanyo huo ulichapishwa Ohio mwaka 1860, wasomaji wa nchi nzima wakaupata mkononi. Mei 1859 alifanya jambo jingine ambalo wahariri mnapaswa kulijua: alilinunua kimyakimya, kwa dola 400, gazeti la Kijerumani la Springfield, akamwachia Theodore Canisius aliendeshe kwa sharti la kukiunga mkono chama. Wahamiaji wa Kijerumani walikuwa kundi kubwa la wapiga kura Illinois, na uchaguzi ulipokwisha Canisius alirudishiwa umiliki. Ni siasa za hesabu, si za miujiza.

Hotuba ya New York ya Februari 27, 1860 aliiandaa kama kesi. Swali lilikuwa iwapo waasisi waliamini serikali kuu inaweza kuuzuia utumwa kwenye maeneo yake. Alichukua watu 39 waliotia saini Katiba, akawafuatilia mmoja mmoja kwenye kumbukumbu za kura, akapata 23 waliowahi kulipigia jambo hilo kura, na 21 kati yao walikubali kwamba inaweza. Hakuna kelele wala kilio katika hotuba ile. Ni mpima ardhi na mnyororo wake, anahesabu vijiti.

Mei 18 wajumbe walipopiga kura Chicago, William Seward wa New York ndiye aliyetarajiwa. Ushindi ulihitaji kura 233. Lincoln, aliyekuwa amebaki Springfield, alikuwa amekwisha kumwandikia rafiki wa Ohio, Machi, kwamba sera yao ni kutomuudhi yeyote, ili watu wakilazimika kumwacha mpenzi wao wa kwanza wawe tayari kuwajia wao. Duru ya kwanza: Seward 173 na nusu, Lincoln 102. Ya pili: Seward 184 na nusu, Lincoln 181. Ya tatu: Lincoln 231 na nusu, na hapo wajumbe wanne wa Ohio wakageuka. Sababu ya kuhama kwao ilikuwa hesabu ya 1856. Mwaka ule mgombea wa chama alipata kura 114 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais. Mwaka 1860 zilitakiwa 152. Ukiongeza Pennsylvania yenye 27 na Illinois yenye 11, unafika 152 kamili. Katika majimbo hayo Seward alionekana mkali mno, na Lincoln hakuwa na adui.

Haikuwa safi yote. Watu wake walichapisha tiketi za ziada kuujaza ukumbi mashabiki wa Lincoln. Yeye alituma maelekezo kwamba asifungwe na ahadi yoyote, hata hivyo David Davis, jaji yule wa mzunguko, aliwapa watu wa Simon Cameron wa Pennsylvania matumaini ya uwaziri. Ahadi ile ilimgharimu. Cameron akawa waziri wa vita, wizara ikajaa zabuni mbovu na ubadhirifu, na Januari 1862 Lincoln akamwondoa kwa kumpeleka balozi Urusi.

Novemba 6 alipata asilimia 39.8 ya kura za wananchi na wajumbe 180 kati ya 303. Husemwa kwamba alipita kwa sababu wapinzani waligawanyika watatu. Si kweli. Zijumlishe kura za wote watatu mahali pamoja, atapoteza California, Oregon na wajumbe wanne wa New Jersey, jumla 11, na bado atabaki na 169. Katika majimbo kumi ya kusini hakupata kura hata moja, kwa kuwa wakati ule karatasi za kura zilichapwa na vyama vyenyewe, na huko hakukuwa na wa kumchapia.

Orodha inaishia hapo, kana kwamba kufika ndiyo yote. Tabia yake ilionekana baada ya kufika. Aliowashinda Chicago aliwapa kazi: Seward mambo ya nje, Salmon Chase hazina, Edward Bates mwanasheria mkuu. Pengo la Cameron alilijaza na Edwin Stanton, ambaye mwaka 1855 huko Cincinnati, katika kesi ya mashine ya kuvuna ya McCormick, alimsukuma Lincoln pembeni kama asiyefaa kukaa meza moja na mawakili wa maana. Lincoln alikuwa amebaki pale siku kadhaa akisikiliza jinsi mawakili wale wanavyofanya kazi. Alipohitaji mtu mkali asiyeibiwa, alijua wa kumwita.

Majimbo ya kusini yalipoasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Julai 1863, jenerali wake Meade alipomwacha Lee, jenerali wa waasi, avuke mto baada ya pigano la Gettysburg, Lincoln aliandika barua ya uchungu mkubwa, kisha akaandika kwenye bahasha kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Na tangazo la kuwaacha huru watumwa, la Januari 1, 1863, ambalo watu hulilaumu kwa kuyaacha majimbo manne ya mpakani, yenye watumwa lakini yasiyoasi, na sehemu zilizokwisha kutekwa, lisomwe kama hati ya wakili. Katiba haikumpa rais uwezo wa kufuta utumwa. Uwezo aliokuwa nao ni wa amiri jeshi dhidi ya walioasi, na angeupitisha mpaka huo mahakama ingelichana tangazo lote. Kwa kilichobaki alitumia njia ndefu: badiliko la Katiba, lililopita Baraza la Wawakilishi Januari 31, 1865 kwa 119 dhidi ya 56. Katikati ya hayo, tangazo lilifungua jeshi kwa askari Weusi, wakafika takriban 180,000.

Mtu wa Charleston ya 1858 alisimama dirishani mwa Ikulu Aprili 11, 1865, akasema hadharani kwamba angependa Weusi waliosoma na waliopigana vita wapewe kura. John Wilkes Booth alikuwa kwenye umati ule akisikiliza. Siku tatu baadaye alimpiga risasi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, orodha hiyo ikiletwa tena mezani pako, naomba mstari wa 1836 na wa 1848 ufutwe, ule wa 1832 uongezewe namba 277 kati ya 300, na ule wa 1855 uandikwe pamoja na kura zake: 44 kwa Lincoln, 5 kwa Trumbull, na nani aliyempa nani kiti.

Wako,
Msomaji